Kadi ya Picha na Lugha ya Kuamkia

UTANGULIZI

Baadhi ya kompyuta zitumikazo mashuleni hufika zikiwa zimekwisha kufanya kazi kwingine kwa miaka mingi. Ichukuliwe, kwa mfano, kwamba shule mojawapo ya Mbesa, wilayani Tunduru katika mkoa wa Ruvuma, imepewa kompyuta ya mezani ya aina ya Mac Pro, na kadi yake ya picha imeungua. Katika sanduku la vipuri imo kadi nyingine, nzima, iliyong'olewa katika kompyuta ya kawaida ya aina ya PC. Kadi hiyo yaingia barabara katika nafasi yake na feni yake yazunguka, lakini kioo chabaki cheusi. Je, itupwe?

Swali hili si dogo mahali ambapo kipuri kipya ni safari ndefu na gharama kubwa. Makala haya yaeleza kwa nini kadi nzima huweza kunyamaza, na jinsi inavyoweza kufundishwa kusema tena.

KADI HUAMKAJE?

Kadi ya picha ni kompyuta ndogo ndani ya kompyuta kubwa. Inayo chipu ya kufanyia hesabu za picha, inayo kumbukumbu ya kushikilia picha hizo, na pembeni inayo chipu moja ndogo ya kumbukumbu ya kudumu, yaani ile isiyofutika umeme unapozimwa. Humo imehifadhiwa programu fupi ya kuamshia kadi. Kompyuta inapowashwa, kabla ya mfumo wowote kupakiwa, huisoma programu hiyo na kuitekeleza. Ndipo kioo kinapopata picha ya kwanza.

Basi tofauti kati ya kadi ya PC na kadi ya Mac aghalabu haimo katika chipu kubwa. Imo katika maandishi ya chipu ile ndogo. Mjumbe aliyebeba barua ya Kiyao hueleweka na wenyeji wengi wa Tunduru. Akiipeleka barua hiyo hiyo kwa msomaji wa Kibena tu, haitasomeka, ingawa mjumbe ni mzima na barua haikuchanika.

LUGHA TATU

Kompyuta za PC, tangu ile ya IBM ya mwaka 1981, ziliamka kwa mfumo uitwao BIOS, na kadi zake zilibeba amri za prosesa za ukoo wa Intel. Kompyuta za Power Macintosh zenye nafasi za PCI, zilizoanza kutoka mwaka 1995, zilitumia prosesa ya PowerPC na mfumo wa Open Firmware. Kadi isiyo na programu ya mfumo huo kwa kawaida haikufanya kazi kabisa ndani yake.

Mwaka 2006 ilitoka Mac Pro yenye prosesa ya Intel. Wengi walidhani kwamba sasa kadi yoyote ya PC ingefaa. Haikuwa hivyo, kwa kuwa Mac Pro iliamka kwa mfumo wa tatu, EFI, ilhali kadi nyingi za PC za wakati huo zilijua BIOS tu. Prosesa zilifanana, lakini utaratibu wa kuamka ulitofautiana.

Kanuni za PCI zimeweka alama ya kuzitambua lugha hizo. Kila programu ya kuamshia huanza kwa baiti mbili, 85 na 170. Mbele yake huwamo namba ya aina: 0 kwa PC, 1 kwa Open Firmware, na 3 kwa EFI. Chipu moja yaweza kubeba programu mbili, mradi nafasi itoshe. Hapo ndipo ugumu ulipojitokeza mara nyingi: kadi kadhaa za PC zilipewa chipu ya kilobaiti 64, na programu ya Mac ilihitaji kilobaiti 128.

HESABU YA UHAKIKI

Programu ya BIOS hukaguliwa kwa kanuni rahisi: jumla ya baiti zake zote ikigawanywa kwa 256, baki liwe 0. Uchukuliwe mfano mfupi wa kufundishia wenye baiti 85, 170, 2, 40 na 100. Jumla ni 397. Ukigawanya kwa 256, baki ni 141. Kwa hiyo baiti ya mwisho ya kuongezwa ni 256 kutoa 141, yaani 115. Jumla mpya ni 512, ambayo hugawanyika kwa 256 bila baki. Herufi moja ikiharibika, hesabu haitalingana na kosa litajulikana.

HATUA ZA KUANDIKA UPYA

Kazi hii, ambayo mafundi wa simu huiita kufleshi, hufuata hatua hizi:

1. Kuitambua kadi kwa hakika: aina ya chipu, kiasi na aina ya kumbukumbu yake, na ukubwa wa chipu ndogo.

2. Kuisoma programu ya zamani na kuihifadhi mahali pawili. Hatua hii isirukwe kamwe.

3. Kupata programu iliyotungwa kwa kadi ya namna ile ile. Mac Pro za mwaka 2006 na 2007 zina EFI ya biti 32. Za kuanzia 2008 zina ya biti 64.

4. Kuhakikisha umeme hautakatika. Uandishi huchukua muda mfupi, lakini umeme ukizimika katikati, kadi hubaki na nusu ya programu na kugeuka bubu. Betri ya akiba ni ya lazima.

5. Kuandika, kisha kusoma tena na kulinganisha baiti kwa baiti.

Kadi iliyogeuka bubu haijafa. Huwekwa pamoja na kadi nyingine inayoonyesha picha, kisha nakala ya zamani hurudishwa. Aliyeiruka hatua ya pili hana cha kurudisha.

MIPAKA YAKE

Uandishi haubadili umeme. Mac Pro za 2006 hadi 2012 hutoa wati 75 katika nafasi ya kadi na wati 75 kwa kila moja ya nyaya mbili za ziada, jumla wati 225. Kadi ihitajiyo wati 250 haifai humo, hata ikiandikwa upya mara kumi.

Tena, giza la mwanzo si ushahidi wa kifo. Ikiwa mfumo wa Mac wenyewe unaitambua chipu ya kadi, kioo chaweza kuwaka mara mfumo ukisha kupakiwa. Yafaa kusubiri dakika chache kabla ya kuhukumu. Na kwa Mac Pro ya mwaka 2023, yenye prosesa ya Apple yenyewe, mlango umefungwa: haipokei kadi ya picha ya nje.

HITIMISHO

Kompyuta ya kwanza ya serikali ya Tanzania ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965, na mwaka 1974 uingizaji wa kompyuta nchini ukapigwa marufuku baada ya matokeo yasiyoridhisha. Mtambo usioeleweka ni mzigo kwa aliyeupokea. Mwalimu anayejua kwamba kadi hunena lugha, na kwamba lugha hiyo husomeka, hukaguliwa na huandikika, hataitupa kadi iliyo nzima.

MAZOEZI

1. Baiti ya tatu ya programu hutaja ukubwa wake kwa mafungu ya baiti 512. Ikiwa ni 128, programu ina kilobaiti ngapi?

2. Tafuta baiti ya mwisho ya kukamilisha mfululizo huu: 85, 170, 4, 60, 200.

3. Eleza kwa nini uhakiki wa jumla hauwezi kugundua baiti mbili zilizobadilishana nafasi.