Umemaliza Arkham Asylum? Arkham City Ichezwe Hivi

Kama umemaliza Batman: Arkham Asylum na sasa unaiangalia Arkham City, nina ombi moja kabla hujaianza: usiicheze kama muendelezo wa mazoea. Nimezicheza zote mbili kwa miaka mingi, na nimekaa pembeni ya wengi wanaohama kutoka ya kwanza kwenda ya pili. Wanakwama palepale. Mtu ana mbinu mbili tatu zilizomvusha kule kisiwani, anataka zimvushe na huku. Arkham City imetengenezwa ili mbinu hizo zisitoshe, na kwangu mimi huo ndio ubora wake mkubwa kuliko ukubwa wa ramani ambao kila mtu anausifia.

Kwa asiyezijua: studio ya Rocksteady ya London ilitoa Asylum mwaka 2009 na City mwaka 2011. Sauti ya Batman ni ya marehemu Kevin Conroy na ya Joker ni ya Mark Hamill, walewale wa katuni ya miaka ya 1990, na Paul Dini aliyeandika katuni ile ameshika kalamu kwenye gemu zote mbili. Ya kwanza inamfungia Batman kwenye kisiwa chenye hospitali ya wahalifu wenye maradhi ya akili. Ya pili inamtupa kwenye kipande cha mji wa Gotham kilichozungushiwa ukuta, wahalifu wameachiwa humo, na msimamizi wao ni Hugo Strange. Vitufe nitakavyotaja ni vya pedi ya PlayStation.

Tuanze na ngumi, maana hapo ndipo mazoea yanapoumiza zaidi. Kwenye Asylum ungeweza kumaliza karibu kila ugomvi kwa mraba wa kupigia na pembetatu ya kukinga. Adui mmoja anarusha ngumi, unabonyeza pembetatu mara moja, unaikinga, unaendelea. Kwenye City wanakuja wawili kwa pamoja, wakati mwingine watatu, na kila mmoja ana alama yake juu ya kichwa. Hesabu alama, kisha bonyeza pembetatu mara nyingi kama zilivyo. Alama mbili, mara mbili. Batman atawashika wote kwa mkupuo mmoja na kombo yako, yaani mfululizo wa mapigo, haikatiki. Ukibonyeza mara moja tu, wa kwanza utamzuia na wa pili atakutandika.

Halafu kuna kitufe cha duara, ambacho wachezaji wa Asylum wengi hukisahau mpaka wakutane na mtu mwenye kisu. Huku duara ndio mlango wa kila kitu. Mpige adui na joho kwa duara apate kizunguzungu, kisha bonyeza mraba mfululizo: Batman atammiminia ngumi mpaka aanguke asiinuke. Wahuni wenye mavazi ya chuma hawaangushwi kwa njia nyepesi kuliko hiyo. Ila chagua wakati. Ukianza kummiminia mmoja huku wenzake watano wamekuzunguka, utalazimika kuacha katikati ili ujikinge. Mimi huruka kwanza hadi kwa yule aliyesimama pembeni ya kundi, nikamalizana naye huko, na wale wengine wakishaanza kunikaribia nimeshapata pigo sita au saba kwenye kombo.

Na kisu chenyewe kimebadilika. Zamani ulimpumbaza mwenye kisu kwa joho ndipo umpige. Sasa ukiona anakuja, shikilia pembetatu na uvute stiki upande wa kumkimbia. Batman atarudi nyuma hatua kwa hatua huku makali yakipita mbele ya kifua chake. Usiachilie mapema. Anapunga zaidi ya mara moja, na wengi huachilia baada ya mpungo wa kwanza.

Pointi za uzoefu za mwanzo zitumie kwenye mavazi ya kinga ili usife ovyo, kisha nenda moja kwa moja kwenye lile boresho linalopunguza kombo inayohitajika kwa mapigo maalumu kutoka 8 hadi 5. Mapigo hayo ni manne sasa: kummaliza mmoja papo hapo, kutuma kundi la popo liwapumbaze wote, kumnyang'anya mtu silaha na kuivunja, na kuwamaliza wote waliolala chini. Lile la kuvunja silaha wengi hulidharau. Mimi naliweka juu ya yote, kwa sababu bunduki ikibaki sakafuni kuna mtu ataiokota, na kirungu cha umeme kikiokotwa mpangilio wako wote unavurugika. Vifaa navyo vimeingia ndani ya ugomvi: kwa kubonyeza vitufe viwili unamvuta mtu kwa ndoano, unampiga shoti ya umeme au unamwachia bomu la jeli miguuni, bila kusimama kulenga.

Kuhusu kuruka, nina neno moja ambalo ningependa ulitii: usifuate hadithi kabla hujapata nguvu ya ziada ya ndoano. Mapema kabisa utaona kwenye ramani mazoezi ya kuruka ya uhalisia wa kubuni. Maliza manne ya kwanza. Zawadi yake ni kwamba ndoano inapokuvuta kwenda juu ya jengo, ukigonga X mara mbili inakurusha hewani badala ya kukusimamisha ukingoni, na hapohapo unafungua joho. Kisha jifunze kupiga mbizi: ukiwa unaelea shikilia R2, Batman atashuka kichwa chini kwa kasi, na kabla hujagusa lami achilia na uvute stiki nyuma. Kasi ile inageuka kimo. Ukishaishika unaweza kuvuka kutoka Park Row hadi Amusement Mile bila kukanyaga paa. Kwenye Asylum joho lilikuwa la kushukia tu kutoka mahali pa juu. Huku ndilo gari lako.

Jaribio zuri la ustadi huo ni simu za Zsasz. Simu ya kibandani inalia, unapokea, muuaji anakusimulia habari zake, kisha anataja simu nyingine upande wa pili wa mji na muda unaanza kuhesabiwa. Asiyejua kupiga mbizi na kuinuka atachelewa.

Sasa niseme kuhusu Mr. Freeze, maana kwake ndipo nilipoielewa gemu hii. Kumbuka mabosi wa Asylum. Bane anakukimbilia, unamrushia Batarang, unakwepa, anagonga ukuta, unapanda mgongoni. Kisha yanakuja majitu yaliyodungwa dawa ya Titan, na unayashinda kwa njia ileile, mara ya pili, ya tatu, mpaka mwisho ambapo Joker mwenyewe anavimba kuwa jitu na pambano linakuwa la kutuma wahuni. Gemu iliyokuwa na akili kote ilichoka kwenye mabosi.

Freeze anakutana nawe kwenye jengo la zamani la polisi. Amevaa suti ya chuma, bunduki yake inakugandisha, na ukimwendea uso kwa uso umekwisha. Unatakiwa umvizie. Sawa, hilo unalijua: unamnyemelea kwa nyuma, unamdaka, unampiga ngumi, anainuka. Unarudi kumnyemelea tena kwa nyuma. Haikubali. Ameshaijua, na suti yake imeshajikinga upande huo. Ukitokea chini ya wavu wa sakafuni, mara moja tu. Baada ya hapo njia hiyo nayo anaifunga. Kila mbinu unayoitumia inakufa mkononi mwako. Hakuna adui kwenye gemu ya kwanza aliyejifunza kutoka kwako, na huyu hafanyi kingine.

Namna ya kumshinda ni kuingia na orodha kichwani. Kabla ya kumgusa, mkwepe na uzunguke chumba chote, cha juu na cha chini, ukiwa umewasha macho ya upelelezi. Tazama nyavu za sakafu ziko wapi, kingo za kuning'inia ziko wapi, sehemu ya juu ya kumrukia ni ipi, na zile sumaku za umeme ukutani zinazoamshwa kwa kifaa cha shoti ziko upande gani. Mimi huanza na njia za kumkaribia kwa miguu, kwa sababu ndizo zinazozidi kuwa ngumu kadiri anavyojihadhari, na sumaku nazihifadhi kwa baadaye. Ukionekana usipigane. Kimbia, shuka au panda ghorofa, badilisha kona, mwache akupoteze ndipo urudi na njia ambayo hajaiona.

Ukitoka kwa Freeze utaona vyumba vya wenye bunduki kwa jicho jingine. Humo nako baadhi yao hubeba mtambo unaoziba macho ya upelelezi, yale ambayo kwenye Asylum wengi waliyawasha tangu mwanzo hadi mwisho wakakosa kuona uzuri wa kisiwa kizima. Mtafute mwenye mtambo, mmalize kwanza. Ukipigwa risasi, tumia kidonge cha moshi, ruka juu, hama.

Nje ya hadithi kuna Riddler, yule mtega mafumbo: ana changamoto 400 za Batman na 40 za Catwoman unapomcheza yeye. Asylum ilikuwa na 240 kwa jumla. Usizikimbilie. Unapokuta kundi mtaani, washa macho ya upelelezi na umtafute anayeng'aa kijani: huyo ni mtoa habari wa Riddler. Mwache awe wa mwisho kusimama, umhoji, na siri kadhaa zitajichora kwenye ramani yako.

Kuna vitu ambavyo sitakubali mtu aniambie City imevizidi. Zile ndoto za Scarecrow za Asylum, hasa ile inayokufanya uamini konsoli yako imeharibika na gemu imejianza upya, hazina mpinzani huku. Na kisiwa kile kilikuwa kimoja, unakizoea chumba kwa chumba mpaka unakijua kama kwenu. City ina alama nyingi mno kwenye ramani, na redio inaongea bila kupumua. Lakini pita Park Row, kwenye kichochoro cha nyuma ya sinema ya Monarch, ambako wazazi wa Bruce Wayne waliuawa. Hakuna misheni pale wala pointi. Bonyeza kitufe, Batman anapiga goti kimya. Gemu haikutumi uende. Ukipita bila kujua umepita.

Ukimaliza hadithi, ianze tena kwa ile namna ya kurudia na vifaa vyako vyote. Alama za juu ya vichwa hazipo tena, na wahuni wa aina zote wanakuja tangu mwanzo. Hapo acha kutazama vichwa, tazama mabega na mikono: ngumi huanza begani kabla haijafika kwako, na mwenye kiti huinama kabla hajakirusha. Ukifika tena kwa Freeze, nenda ukiwa na njia za akiba.