SOMO LA UFUNDI: INJINI INAPOKOSA SILINDA MOJA



Somo la leo ni la dereva, utingo na kila anayepanda gari la kazi kati ya Bwera, Kasese na Kilembe. Hata wewe usiyeshika usukani, lisome. Siku moja utasimama upande wa mwenzako.

Dereva mmoja, mwenzetu, alikuwa akipandisha gari la petroli barabara ya Kilembe. Injini ikaanza kukosakosa: inatetemeka, nguvu hakuna, na moshi unatoka kwa sauti ya kukatikakatika. Msimamizi wake akamwambia, "Umeua injini, utalipa." Makanika aliyeitwa akataka kufungua hedi siku ile ile. Gharama hiyo ingemeza mishahara ya miezi kadhaa. Tuliomba saa mbili tu, tupime kwanza. Yafuatayo ndiyo tuliyofanya.

Silinda inataka nini?

Injini ya silinda 4 ni kama watu wanne waliobeba gogo. Mmoja akilegea, gogo haliachi kwenda, lakini wote wanayumba. Ili silinda iwake inataka vitu vitatu: cheche ya plagi, mchanganyiko sawa wa petroli na hewa, na kompresheni, yaani pistoni kuubana mchanganyiko huo bila kuvuja. Kikikosekana kimoja, silinda hailipuki. Kazi yako ni kujua ni silinda ipi, na ni kitu kipi kati ya hivyo vitatu.

Hatua ya 1: Tafuta silinda mbovu

Injini ikiwa inanguruma polepole, chomoa waya mdogo wa nozeli ya silinda moja, sikiliza, kisha urudishe. Ukichomoa kwenye silinda nzima, injini itazidi kutetemeka. Ukichomoa na usisikie tofauti yoyote, hiyo ndiyo mbovu, maana haikuwa ikifanya kazi. Usishike waya mnene wa plagi kwa mkono mtupu wakati injini inawaka. Umeme wake unafika maelfu mengi ya volti.

Magari mengi ya siku hizi yana kompyuta. Kifaa cha kuisoma kikionyesha P0301, silinda ya kwanza inakosa. P0302 ni ya pili, na kuendelea. P0300 maana yake inakosa ovyo, si silinda moja tu. Lakini namba hiyo haisemi kwa nini. Anayesoma namba na kununua vipuri papo hapo anabahatisha.

Hatua ya 2: Soma plagi

Zima injini, acha ipoe, fungua plagi ya silinda ile. Ikiwa imelowa petroli, mafuta yanafika lakini hayawaki: shuku cheche. Ikiwa na masizi makavu meusi, petroli imezidi au cheche ni dhaifu. Ikiwa na oili, ringi au sili za valvu zimechakaa.

Hatua ya 3: Badilishana, usinunue

Chukua koili ya silinda mbovu, iweke kwenye silinda nzima, na ile nzima uilete huku. Washa. Ugonjwa ukihama pamoja na koili, koili ndiyo mgonjwa. Usipohama, fanya hivyo kwa plagi. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukibadilisha viwili hutajua kipi kilikuwa kibovu. Kwenye gari la zamani lenye disitribyuta, angalia pia kofia yake na waya za plagi kama zina ufa au unyevu. Sisi tunaoishi kando ya mto Nyamwamba, uliofurika Mei 2013 na tena Mei 2020, tunajua maji yanavyoingia kila mahali.

Hatua ya 4: Mafuta na kompresheni

Cheche ikiwa nzuri, weka ncha ya bisibisi ndefu juu ya nozeli na mpini wake sikioni. Nozeli nzima inagonga tik-tik-tik. Kama zote zinagonga, pima kompresheni ya kila silinda na ulinganishe. Iliyo chini sana ya wenzake, itie kijiko cha oili na upime tena. Ikipanda, ringi zimekwisha. Isipopanda, shuku valvu au gasketi ya hedi. Hapo ndipo mazungumzo ya kufungua hedi yanapoanza, si kabla.

Kwa nini mlimani tu?

Mlimani dereva anakanyaga mafuta, hewa nyingi inaingia na kubanwa zaidi, na cheche hupata taabu kuruka ndani ya hewa iliyobanwa. Koili dhaifu huweza kuwaka vizuri gari likiwa limesimama mjini, ikashindwa kwenye mwinuko. Kwa hiyo dereva akisema, "Inakosa mlimani tu," msimwite mwongo.

Gari la ndugu yetu lilikuwa na silinda ya 3 mbovu. Tulihamisha koili kwenda silinda ya 2, na ugonjwa ukahamia ya 2. Kumbe ni koili, kitu kinachochoka chenyewe. Hedi haikufunguliwa, na lile deni halikutajwa tena.

Ndugu, andika daftari: siku gani gari lilianza kukosa, mahali gani, na ulimwarifu nani. Taa ya injini ikipepesa, punguza mwendo, simama na utoe taarifa, maana petroli isiyoungua inaharibu kataliti iliyo kwenye bomba la moshi. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri, kabla ya kumfukuza mtu kwa kosa, amweleze sababu kwa lugha anayoielewa, na mfanyakazi ana haki ya kuwa na mtu aliyemchagua mwenyewe. Ingia na daftari lako na mwakilishi wako. Mimi niliishia darasa la saba, lakini karatasi yenye tarehe imenisaidia kuliko kelele.

Maswali ya kujadili tawini

1. Kwa nini tunabadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja?
2. Plagi iliyolowa petroli inatuambia nini?
3. Kazini kwenu, nani anaamua kwamba gari limeharibiwa na dereva, na amelipima vipi?