SOMO LA BIASHARA NDOGO: BEI YA FREMU YA PICHA



Vijana wa kikundi kimoja cha useremala waliniuliza: "Kazi tunapata, wateja wanatusifu, mbona kila mwisho wa mwezi kodi ya chumba inatushinda?" Wanatengeneza fremu za picha kwa oda, na swali lao linatosha kuwa somo zima. Jibu linahusu pia wenye cherehani na wanaochomelea vyuma, kwa hiyo nao wasome.

Mfano wa hesabu nimeuchukua kwa fundi mmoja wa Tororo niliyekaa naye miezi mitatu nikijifunza kazi. Wengi wetu tuliotoka Kenya mwaka 2008 tunaufahamu upande ule. Tulivukia Busia au Malaba, tukakaa Mulanda katika wilaya ya Tororo, na mwaka huo huo tukaletwa hapa Kiryandongo. Bei nilizoandika ni za kufundishia tu, kwa shilingi za Uganda. Wewe weka bei za duka unakonunua.

Kwanza ubao. Mteja ameleta picha ya sentimita 30 kwa 40. Mwanafunzi hujumlisha pande nne, anapata 140, basi anahesabu sentimita 140 za ubao. Hapo ameshaanza kupoteza. Fremu inakaa nje ya picha, na kila pembe hukatwa mshazari, hivyo kila upande unaongezeka upana wa ubao mara mbili. Kwa pande nne ni mara nane. Ubao ukiwa na upana wa sentimita 3 kuanzia kwenye mfereji wa kuwekea kioo, ongeza 24. Sasa ni 164. Msumeno nao hula, na pembe nyingine hukatwa mara ya pili ili zikutane vizuri. Andika 170.

Tuseme ubao mmoja wa sentimita 270 ni shilingi 13,500, yaani shilingi 50 kwa kila sentimita. Mwanafunzi ameandika 7,000, lakini ubao alioutumia ni wa 8,500. Kinachobaki ni sentimita 100, nacho usikitupe wala usikipikie chai. Kinatosha fremu ya picha ndogo ya 10 kwa 15, ambayo inahitaji kama sentimita 80. Yule fundi wa Tororo alikuwa na fremu hizo ndogo zimetundikwa mlangoni, na akinamama waliokuja kuuliza bei tu waliondoka nazo.

Kioo kina ujanja zaidi. Kioo kikubwa cha 120 kwa 90 kinatoa vipande 9 vya 30 kwa 40 bila kubakiza kitu. Kikigharimu 36,000, utasema kila kipande ni 4,000. Je, usafiri? Kioo hakibebwi mgongoni, na boda boda hatakibeba bure. (Jina hilo la boda boda lilizaliwa pale pale Busia, kwa waendesha baiskeli waliokuwa wakivusha watu kutoka boda hadi boda.) Weka usafiri 4,000. Halafu kipande kimoja kitavunjika, leo au kesho. Basi gawanya 40,000 kwa vipande 8. Kila kimoja ni 5,000.

Sasa aje mteja mwingine na picha ya 35 kwa 45. Kwa macho ni tofauti ya vidole viwili tu, na wengi humwongezea bei kidogo kwa aibu. Lakini kioo kile kile sasa kinatoa vipande 6 tu, na kingine kinabaki utepe mwembamba usiofaa. Ukitoa kimoja cha kuvunjika, kila kipande ni 8,000. Ndiyo maana fundi mzoefu huchora kioo kizima kwenye karatasi kabla ya kutaja bei. Usimjibu mteja ukiwa umesimama. Mwambie, "Karibu uketi, mama, nipige hesabu."

Turudi kwenye fremu yetu ya kwanza. Ubao 8,500, kioo 5,000, hadibodi ya nyuma 2,000. Misumari, gundi, msasa, vanishi na kamba ya kutundikia ni 1,500. Vitu vyote ni 17,000. Kazi ni saa mbili, pamoja na muda wa kuzungumza na mteja. Fundi anayetaka 12,000 kwa siku ya saa nane atahesabu 3,000. Chumba ni 60,000 kwa mwezi, na kunoa misumeno na kubadilisha vifaa 15,000, jumla 75,000. Kama kikundi hutengeneza fremu 25 kwa mwezi, kila fremu ibebe 3,000. Tumefika 23,000, na bado hatujaongeza faida ya kukuza mtaji. Ongeza 3,000, bei ni 26,000.

Vijana wetu walikuwa wanauza 20,000. Kwa hesabu yao ubao ni 7,000, kioo 4,000, hadibodi 2,000, na vitu vidogo havikuandikwa popote. Waliona 7,000 mkononi wakaiita faida. Kweli yake ni kwamba 17,000 zilikwisha kwenye vitu, zikabaki 3,000 za kulipa jasho lao. Chumba hakikupata kitu. Fremu 25 mara 3,000 ni 75,000, na hizo ndizo fedha za chumba zilizowashinda. Walikuwa wakilipa kodi kwa pesa ya kununulia kioo, na kila mwezi walinunua kioo kidogo zaidi.

Ukiuza 26,000, kila fremu inabakiza 9,000 baada ya vitu. Fremu nane zinaleta 72,000, ya tisa ndiyo inamaliza deni la chumba. Andikeni namba hiyo ukutani. Mwezi wenye oda chini ya tisa, hata bwana wa saw hana mshahara.

Mtasema sokoni kuna fremu za plastiki zilizotoka China, za bei ya chini. Ni kweli, na pale Busia zimejaa. Msishindane nazo kwa saizi zao. Mtu mwenye picha ya saizi ya kawaida anaweza kuzinunua, hata ninyi mnaweza kuziuza. Wateja wenu ni wenye cheti kirefu, picha ya harusi ya saizi isiyo ya dukani, kioo kilichovunjika, picha ya Moyo Mtakatifu au aya ya Kurani iliyoandikwa kwenye kitambaa.

Tena wako wenye picha moja tu ya marehemu, iliyotoka kwenye nyumba iliyochomwa. Kwa hao msibandike picha kwa gundi, wala msiache igusane na kioo, kwa sababu unyevu huiganisha na kioo na ukiivuta inachunika. Wekeni ukanda wa karatasi nene kuizunguka. Ukanda huo una gharama yake, utajwe katika bei, na mteja aelezwe kazi yake. Sijaona aliyekataa baada ya kuelezwa.

Kuhusu malipo ya kwanza, desturi ni nusu. Kwa fremu hii nusu ni 13,000, lakini vitu ni 17,000. Mteja asiporudi, nani atanunua fremu ya harusi ya mtu mwingine? Chukueni 17,000 kabla ya kugusa msumeno.

Kwa wanaofikiria kununua ubao mpakani: kituo cha Busia, kilichozinduliwa rasmi mwaka 2018, kinahudumia pande zote mbili mahali pamoja. Mfanyabiashara mdogo wa Afrika Mashariki hupata cheti rahisi cha asili kwa bidhaa zilizotengenezwa ndani ya Jumuiya, thamani isiyozidi dola 2,000. Kioo kilichotoka nje ya Jumuiya hakimo. Lakini mkimbizi, hasa sisi wa kutoka Kenya, asivuke kwa njia ya panya kufuata ubao wa bei nafuu. Hali yako ya ukimbizi ni ghali kuliko ubao. Uliza kwanza Ofisi ya Waziri Mkuu hapa kambini, au nunua upande huu huu. Na ukilinganisha bei za nchi mbili, badilisha shilingi kwa kiwango ulichopewa mkononi, si kile cha redioni.

ZOEZI. Mteja ana cheti cha 25 kwa 35. Ubao una upana wa sentimita 4. Ubao, kioo na chumba ni bei zile zile. Tafuta urefu wa ubao, vipande vya kioo, bei, na malipo ya kwanza. Leteni majibu ofisi ya jamii siku ya mafunzo, pamoja na daftari la mwezi uliopita, hata kama lina kurasa mbili tu.