Msomaji wa Menyu Asijue Namba Yako ya Siri

Wadogo zangu, leo nazungumza na nyinyi msioona na wenye uoni hafifu, pamoja na yeyote anayewasomea ukurasa huu.

Nafahamu yanayotokea kwa wakala. Unampa simu, unamtajia namba ya siri, foleni nzima inasikia, naye anakubonyezea. Umetaka kutoa elfu ishirini, kumbe ameandika hamsini. Ujumbe wa muamala ukiingia, wa kukusomea ni nani? Ni yuleyule. Linaniuma sana hili, kwa sababu wizi wenyewe unapita kwa jina la msaada.

Mtu akikusomea, hana haki ya kujua namba yako ya siri. Kwenye kitochi, kitufe cha 5 huwa na kinundu. Kipapase sasa hivi. Juu yake ipo 2, chini 8, kushoto 4, kulia 6, na 0 ipo chini ya 8. Fanya mazoezi simu ikiwa imezimwa mpaka vidole vizoee. Siku ya muamala, msaidizi akusomee menyu, akutajie kiasi na jina, kisha akurudishie simu. Igeuzie kifuani, uingize namba mwenyewe. Ujumbe ukifika usiondoke kwanza: mwombe mtu mwingine unayemwamini akusomee kilichotoka na salio.

Mwenye simu janja ana nafuu kubwa. Android ina TalkBack, iPhone ina VoiceOver, na zote husoma kwa sauti unachogusa. Tafadhali vaa spika za masikioni, kituo cha daladala kina masikio mengi.

Halafu kuna alama za vidole. Hapa Tanzania laini husajiliwa kwa kidole, na asiyeona akiambiwa "weka tena, haijasoma", hana namna ya kujua kama kweli haijasoma. Laini nyingine inaweza kuzaliwa hapo kwa jina lako, ikatumika kutapeli watu. Piga *106#, usomewe namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Usiyoitambua, nenda duka la mtandao husika ukaikane. Na ukipata ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii", ripoti namba ya tapeli kwenda 15040.

Ndugu wa nyumbani, nanyi msinikasirikie. Mara nyingine anayepunguza salio la shangazi ni mpwa wake anayemsomea. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na ibara ya 12 inatambua haki ya mtu mwenye ulemavu kusimamia fedha zake sawa na wengine. Ukiombwa kusoma, soma kila neno, hata makato. Uamuzi mwachie mwenye hela.

Na wewe mdogo wangu, kama kuna mtu anaijua namba yako ya siri, hata awe mwema kiasi gani, ibadilishe leo.