Mavyaa asema yoga ni ibada ya Kibaniani

Shangazi, mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Mombasa. Mgongo ulinisumbua mpaka nikajiunga na darasa la yoga, na nashukuru nimepata nafuu. Mavyaa alipouona mkeka wangu alisema hiyo ni ibada ya Kibaniani, naiharibu dini yangu ya Kiislamu. Mwalimu wa yoga asema haihusiani na dini yoyote. Mume wangu hasemi kitu, ila siku za darasa hanisemeshi kabisa. Nimwamini nani?
Mwenye Mgongo, Mombasa

Mwanangu, nianze na huyo mwalimu wako, maana ndiye aliyeniudhi. Kudai yoga haihusiani na dini yoyote ni kuwadhulumu Wahindu. Yoga ni mojawapo ya njia sita za falsafa yao, na katika Bhagavad Gita ni Krishna mwenyewe anayemfundisha Arjuna habari zake. Mwaka 2010 Wahindu wa Marekani, kupitia Hindu American Foundation, walilalamika hadharani kwamba wauzaji wa yoga wanaifuta asili yake. Mimi nawaunga mkono.

Mavyaa ameshika kweli, lakini ameshika upande mmoja. Kitabu kikuu cha yoga, cha Patanjali, kina sentensi zisizofika 200. Zinazohusu mkao wa mwili ni tatu tu, nazo zinataka mtu akae imara na kwa raha, basi. Kujipinda na kujikunja mnakofanya hakumo. Mikao mingine ilikuja karne nyingi baadaye katika vitabu vya hatha yoga, na mfululizo wa mazoezi ya kisasa umetokana kwa kiasi kikubwa na kasri la Mysore, India ya kusini, miaka ya 1930. Hapo Tirumalai Krishnamacharya alikuwa akifundisha vijana kwa ufadhili wa maharaja. Mtafiti Mark Singleton ameonyesha kuwa yoga ya zama hizo ilichota pia kwenye mazoezi ya viungo ya Ulaya, yaliyokuwa yamezagaa India wakati wa ukoloni. Wanafunzi wa Krishnamacharya ndio walioisambaza duniani. Mmoja wao, Indra Devi, alifungua darasa Hollywood mwishoni mwa miaka ya 1940 akawafundisha waigizaji wa sinema.

Lakini Krishnamacharya alikuwa Mhindu mcha Mungu, na kwake mwili na sala havikutengana. Kwa hiyo unachofanya kina mizizi ya dini, ila si kila tawi ni sala.

Waislamu wenzio wamelijadili jambo hili kabla yako. Mwaka 2008 Baraza la Fatwa la Malaysia lilikataza yoga. Siku chache baadaye waziri mkuu, Abdullah Badawi, akasema mazoezi yaendelee ilimradi pasiwe na kughani mantra. Saudi Arabia iliitambua kama mazoezi ya michezo mwaka 2017. Na tusisahau kuwa Al-Biruni alikifasiri kitabu cha Patanjali kwa Kiarabu katika karne ya 11, wala hakutoka Uislamuni kwa kukisoma.

Mimi si mufti. Hukumu kaulize kwa sheikh unayemwamini. Lakini usimwendee na neno "yoga" peke yake, mweleze mnachofanya hasa. Je, mnaghani "Om"? Kuna mantra? Kuna sanamu inayoinamiwa? Mnafanya mfululizo wa Salamu kwa Jua? Hiyo ya mwisho ndiyo yenye mzozo: huko India mwaka 2015 Salamu hiyo iliachwa nje ya ratiba ya Siku ya Yoga baada ya Waislamu kulalamika. Mwambie mwalimu wako mapema kuwa hutaghani na mfululizo huo utaupisha. Mwalimu mzuri atakupa mkao mwingine, na mgongo wako hautapungukiwa na kitu.

Mavyaa usibishane naye kwa vitabu. Mwambie umekwenda kwa sheikh, kisha mpe jibu lake, hata kama ni la kukataza. Akikataza, daktari wa mazoezi ya viungo atakuonyesha namna nyingine za kuunyoosha huo mgongo.

Anayenitia wasiwasi ni mume. Kununa kila siku ya darasa si fatwa. Muulize anachohofia, dini au maneno ya mama yake, kisha mwalike akae nyuma ya darasa atazame mwanzo hadi mwisho. Mwalimu akikataa asiingie, hama darasa.