Mwaka wa Mushtari

Swali: Nasikia ya kuwa sayari ya Mushtari iko mbali na jua kadiri ya mara 5 kuliko dunia yetu. Mbona basi mwaka wake si miaka yetu 5, bali wakaribia 12?

Jibu: Hesabu yako, ndugu msomaji, ingalisihi lau sayari zote zingalikwenda kwa mwendo mmoja, lakini Mushtari, ambayo njia yake ni ndefu kuliko yetu mara 5.2, huenda kilomita 13 hivi kwa sekunde, hali dunia huenda karibu 30, kwa kuwa mvuto wa jua hudhoofika kadiri masafa yanavyozidi. Urefu wa njia na upole wa mwendo, vyote viwili huurefusha mwaka wake.

Mwanafalaki Johannes Kepler, baada ya kutaabika miaka mingi juu ya vipimo vya sayari vya marehemu Tycho Brahe, aliidhihirisha kanuni yake katika kitabu cha mwaka 1619: mraba wa muda wa mzunguko hulingana na mchemraba wa masafa ya wastani. Zidisha 5.2 kwa 5.2, kisha tena kwa 5.2, upate 140.6, namba ambayo ikizidishwa kwa nafsi yake huleta hiyo ni 11.86, nayo ndiyo miaka ya Mushtari. Naistaajabia hesabu hii hata leo.

Ila sharti vyote vinavyolinganishwa vizunguke kitu kimoja. Io, mwezi wa Mushtari, uko mbali nayo kupita kidogo mwezi wetu ulivyo mbali nasi, lakini humaliza mzunguko kwa saa 42 tu, kwani Mushtari ina maada mara 318 kuliko dunia.