Maudhui ya Matumaini katika Chozi la Heri

Swali kuhusu matumaini huonekana rahisi, na hapo ndipo watahiniwa wengi huteleza. Mtahiniwa anakumbuka kwamba Umu, Dick na Mwaliko wanakutana mwishoni, anaandika kwamba riwaya inaisha kwa furaha, anaongeza kwamba Ridhaa hakukata tamaa, kisha anakwama. Hizo ni hoja mbili, ilhali swali la insha katika karatasi ya tatu lina alama 20.

Lisome swali upya. Ukiulizwa jinsi matumaini yanavyodhihirika, huulizwi mambo yaliishaje. Unaulizwa wahusika walifanya nini kabla ya kujua yangeishaje.

Mtazame Ridhaa. Ghasia za baada ya uchaguzi zinamkuta akiwa daktari mwenye heshima, mwenye boma na ukoo. Nyumba inateketezwa na ndani yake anaangamia mkewe Terry, bintiye Tila, mkaza mwanawe na mjukuu. Mzee Kedi, jirani aliyeishi naye kwa miaka mingi, anahusika katika uovu huo. Mtahiniwa akiandika tu kwamba Ridhaa ana matumaini, mtahini atamuuliza kimoyomoyo: umejuaje? Taja vitendo. Ridhaa anamsubiri mwanawe Mwangeka arudi kutoka ng'ambo alikokuwa akilinda amani, anampokea, na anakubali kuusimulia upya msiba ule ingawa kuusimulia kunamuumiza. Anarudi kuwatibu watu wengine. Wala usidai kwamba alipona kabisa. Terry harudi. Mbinu rejeshi inayotumiwa sana katika sura za mwanzo inaonyesha kwamba jeraha lingali bichi, na mtahiniwa anayelitambua hilo huwazidi wengi.

Hoja nzito zaidi iko kwa Umulkheri na ndugu zake. Baba yao, Lunga, anapoteza kazi kwa kusimamia ukweli kuhusu mahindi yaliyoharibika. Mama yao, Naomi, anaondoka hali inapokuwa ngumu. Lunga anafariki. Kisha Sauna, kijakazi waliyemwamini, anawatorosha Dick na Mwaliko. Umu anarudi nyumbani na kukuta hamna mtu. Hapo ndipo pa kuanzia hoja yako, katika nyumba ile tupu, wala si siku ya kukutana hotelini. Msichana huyu hana mzazi, hana ndugu, hajui pa kuanzia, lakini anaondoka kwenda kutafuta msaada.

Nani anamsaidia? Ni Hazina, mtoto wa mitaani ambaye Umu alikuwa amempa pesa zamani, nyumba ya kina Umu ilipokuwa bado na uwezo. Baadaye Mwangeka na Apondi wanamchukua awe mtoto wao. Kumbuka kwamba Mwangeka amempoteza mke na mtoto, na Apondi ni mjane. Mwangemi na Neema, ambao wamehangaika kupata mtoto, wanamlea Mwaliko. Kwa hiyo katika riwaya hii familia iliyovunjika haijirekebishi yenyewe. Inaundwa upya na watu ambao wenyewe wamefiwa au wamekosa, na mara nyingi si watu wa damu moja. Watahiniwa wachache huiandika hoja hii.

Dick naye anahitaji uangalifu. Anaangukia mikononi mwa Buda na kulazimishwa kulangua dawa za kulevya. Usikimbilie kumwita mhalifu ukaishia hapo. Onyesha kwamba anaichukia kazi ile, kwamba alitamani shule, na kwamba hatimaye anaachana nayo na kuanzisha biashara halali. Kukutana kwake na Umu katika uwanja wa ndege ni sadfa. Sadfa ni mbinu ya mwandishi, si ushahidi wa matumaini. Uamuzi wa Dick wa kuacha ulanguzi ndio ushahidi.

Chandachema, Kairu, Mwanaheri na Zohali wanatosha hoja moja ya pamoja: wasichana waliopitia madhila nyumbani wanasimuliana shuleni, na kila mmoja anagundua kwamba si yeye peke yake aliyeonewa na maisha. Wengine kati yenu mnaosoma mwongozo huu mnalijua jambo hili vizuri kuliko mwalimu anayelifundisha. Litumieni kuwaelewa wahusika, lakini jibu lenu libaki ndani ya riwaya.

Linganisha majibu haya mawili. La kwanza: "Umu ana matumaini kwa sababu alipata familia nyingine." La pili: "Umu anapokuta ndugu zake wametoroshwa na Sauna, hakai kusubiri. Anakwenda mjini, anasaidiwa na Hazina, anaendelea na masomo na baadaye anapata malezi kwa Mwangeka na Apondi." La kwanza ni dai. La pili lina mhusika, tukio na matokeo, na ndilo linalopata alama zake zote.

Iwapo swali linahusisha anwani, eleza kwanza chozi la huzuni: la Ridhaa penye magofu, la Umu katika nyumba tupu. Chozi la heri halieleweki bila hilo la kwanza.

Sasa funga kitabu, weka saa mbele yako na ujibu kwa dakika 35: "Familia iliyosambaratika inaweza kujengwa upya." Thibitisha kauli hii kwa kurejelea riwaya ya Chozi la Heri. (alama 20)